Goti la Njeru

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu Embu mjini kwa daktari wa viungo. Msichana anacheza voliboli shuleni, akaruka, akatua vibaya, goti likafura. Kijana wa pale alimpaka dawa ya kuchua, akamshika kifundo cha mguu na kuanza kusukuma kisigino kuelekea makalioni, kidogo kidogo. "Shosho, nyumbani lazima mumkunje kila siku," akaniambia. "Goti likikaa bila kukunjwa linakauka hivyo hivyo." Ile dawa ilikuwa ya dukani, kali ya kutoa machozi, lakini ndani yake mlikuwa na mafuta ya mbarika. Hayo siwezi kuyakosea. Nikajikuta naitazama mikono ya yule kijana kwa jicho baya, na maskini hakuwa amenikosea lolote.

Mtanisamehe. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiuziwa maziwa nayanusa kwanza, na nikisalimiwa kwa furaha nyingi najiuliza kulikoni. Nilikua wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau, ambayo wazazi wetu waliiita Imajensi. Tulihamishwa kutoka mashambani mwetu tukapangwa katika kijiji kimoja, vibanda safu kwa safu, pande zote handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja, na homugadi, ambao walikuwa watoto wetu wenyewe waliopewa bunduki na Wazungu, walilikalia kutwa. Kuta za udongo zilikuwa nyembamba. Jirani akikohoa, wewe ndiye unayeamka. Watu walinong'ona hata wakiombana chumvi.

Kaka yangu Njeru alijaliwa miguu. Shule zote za kwetu zilimjua, na alikuwa amechaguliwa kwenda kukimbia kwenye mashindano ya wilaya. Zamani watu walimsifu kwa sauti. Tulipoingia kijijini, sifa ile ile ikageuka maneno ya pembeni: huyu anayekimbia hivi, anakimbilia wapi? Kisha siku moja, katika kazi ya lazima, aliteleza handakini akiwa na karai la udongo kichwani, na goti likapinda upande. Walimleta nyumbani mgongoni.

Safu ya pili aliishi Cucu Igoki, bibi kutoka nchi kavu ya Wambeere, aliyejua mifupa. Alilipapasa goti akiwa amefumba macho, akasema halikuvunjika, lilikuwa limeteguka tu. Alitumia kitambaa cha maji moto, kisha mafuta ya mbarika, kisha viganja vilivyopanda kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Uvimbe ulipopungua akaanza kulikunja. Alimpitishia Njeru kamba ya mgomba chini ya wayo, avute mwenyewe, na akamfundisha Mama kazi yote. "Goti ni mlango," alisema. "Usipofunguliwa, unakwama."

Mama alifanya kwa bidii. Kila asubuhi kibanda kizima kilinuka mbarika, hata uji wetu. Mimi nilipima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati ya kisigino na paja, na nafasi hiyo ilikuwa ikipungua. Njeru aliweza kuchuchumaa akishika mlango. Tuliona mbio zinarudi, na nilifurahi kana kwamba miguu ni yangu.

Ndipo homugadi wakapita na mtindo wao mpya. Waliwaita vijana nje ya vibanda, wakawaamuru wachuchumae na kusimama, wachuchumae na kusimama. Waliosimama vizuri walipakiwa kwenye lori. Wengine walishukiwa kuwapelekea wapiganaji chakula msituni, wengine walibebeshwa mizigo ya askari kuelekea mlimani. Ireri, mtoto wa jirani, alipakiwa siku hiyo. Hatukumwona tena. Njeru aliachwa kwa sababu alikuwa bado na mkongojo, lakini mkubwa wao alilitazama lile goti kwa muda, akasema, "Huyu tutarudi tumwone."

Tangu hapo Mama alibadilika. Maji aliyachemsha, mafuta aliyapaka, lakini kukunja akaacha. Kamba ya mgomba ikapotea. Jioni aliufunga mguu kwa vijiti viwili, umenyooka kabisa, eti upumzike. Cucu Igoki alipouliza, Mama alijibu kwamba mtoto analia kwa maumivu. Njeru hakuwa amelia hata mara moja. Kiganja changu kiliniambia nafasi inazidi, na moyoni nikaamua Mama amenunuliwa, au amerogwa, au anamwonea wivu mwanawe. Nilimwogopa. Nilimchunguza hata akipakua chakula.

Nikaenda kwa Cucu Igoki. "Cucu, Mama hamkunji."

Aliacha kupepeta mtama wake. "Najua."

"Sasa mwambie akunje."

"Nyamaza, mwana wangu. Huo mlango ni wa kwake."

Nikamshuku na yeye.

Homugadi walirudi. Njeru aliamriwa kuchuchumaa. Goti lilikataa. Alijaribu, akaanguka ubavu, vumbi likamjaa mdomoni. "Huyu ni wa kuchunga kuku," mkubwa wao akasema, wakacheka. Mama, aliyekuwa mlangoni, akacheka nao. Nilikichukia kile kicheko kwa miaka mingi. Waliondoka na vijana wengine, na Mama akaingia ndani, akaketi kwenye kitanda cha Njeru mpaka kuni zikazima.

Imajensi ilipokwisha tulirudi shambani, na asubuhi ya kwanza nikanusa mbarika. Mama alikuwa ameanza tena, maji moto, mafuta, na sasa anakunja kwa nguvu zake zote. Cucu Igoki alikuja, akalipapasa goti, akatikisa kichwa. Lilikuwa limekauka. Mama hakukubali. Alimchua mpaka Njeru akaoa, na hata baadaye kila alipokuja kutusalimia alinyoosha mguu bila kuambiwa, Mama akafungua chupa. Hapo nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa alichokuwa amechagua, na nikaona haya kwa yote niliyomwazia.

Nilidhani nimeelewa yote. Tulipomzika Mama, nilimuuliza Njeru kama alikuwa akijua wakati ule kwamba analemazwa makusudi. Alikuwa ameketi, mguu wake ukiwa umenyooka mbele.

"Mama mikono ilikuwa inamtetemeka," akasema. "Alikuwa anafunga vile vijiti na vinalegea. Akilala, mimi ndiye nilikuwa nakaza."

"Na hukumwambia? Miaka yote hiyo anakuchua?"

"Ningemwambia nini? Alifikiri amezichukua mbio zangu. Sikutaka ajue kwamba nilimpa mwenyewe."