Tasbihi Iliyoota Kwenye Mpunga

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri nilipotumwa, nikiwa bado mtoto, kupalilia mpunga wa bibi kule Salale. Niliikumbuka siku hiyo juzi, nilipoona tasbihi za plastiki zikiuzwa stendi ya Kibiti.

Tasbihi ya bibi ilikuwa imezama mtoni alipokuwa akishuka kwenye mtumbwi. Tangu hapo alihesabu nyiradi kwa pingili za vidole, na kila alipopotea hesabu alitugombeza sisi. Nyumba nzima tulichoka.

Shamba lilinuka tope la mikoko. Nilikuwa nang'oa majani marefu yenye punje ngumu za kijivu, nikiyatupa tutani.

"Mke mwenzangu!" bibi alinipigia kelele, maana ndivyo alivyozoea kunitania mimi mjukuu wake. "Unang'oa tasbihi?"

Nikaelewa kwamba majani yale yanamsabihi Mungu. Kwa kuwa sikujua majani mengine yanafanya nini, niliyaacha yote. Mama alipofika alikuta magugu yamesimama.

"Muda wote huu umefanya nini?"

"Yanasoma uradi, mama."

"Na mpunga unasoma nini?"

Bibi hakutusikia. Alikuwa amekaa matopeni, anachuma zile punje na kuzitunga kwenye uzi wa nyavu. Leo najua kwamba punje za jani hilo huota zikiwa na matundu yake tayari, wala hazihitaji kutobolewa. Alihesabu mpaka thelathini na tatu bila kupotea, akainua uso kwa furaha, akaliona shamba.

"Sasa, mke mwenzangu," alisema, "haya magugu mengine unamwachia nani?"