Chumba Nilichopanga na Mahindi

Nilikipenda chumba kile kwa sababu kilikuwa cha bei ya chini na kilitosha vitanda viwili. Kiko nje ya Songea, upande wa barabara ya Namtumbo, ambako kila mwenye nyumba ana shamba nyuma ya choo. Mimi nafua mashuka na kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni kule Msamala, na kwa mshahara wangu mjini ningepata kibanda cha kulala nimekunja magoti. Tena sikuwa natafuta chumba cha peke yangu. Binti yangu alikuwa kwetu Nalasi, kwa mama yangu, tangu alipoachishwa ziwa, na miguu ya mama ilikuwa imeanza kugoma. Nilimwahidi kwamba shule zikifungwa mwezi wa sita namchukua mwanangu, na safari hii hatarudi.

Siku niliyokwenda kukiona chumba, mahindi ya kijani yalikuwa yamefika dirishani. Ndani nilikuta chaga za mbao zimelazwa chini, ukuta hadi ukuta. Mwenye nyumba, mama mjane mwenye sauti nene na miguu myepesi, akasema, "Hizo ziache hapohapo, mwanangu. Zitatufaa." Nikafurahi. Kwetu tunalima korosho, nazo zinakwenda ghalani. Sijawahi kuona gunia likilala chumbani kwa mtu. Nikatandika godoro langu juu ya zile chaga na kulala kama mheshimiwa, nikijua nimepewa kitanda. Majirani waliniona na wakanyamaza. Nani atamweleza mtu mzima jambo ambalo hapa hata mtoto analijua?

Mwezi wa sita nikarudi jioni moja kutoka kazini nikakuta godoro langu limesimamishwa wima mlangoni. Magunia ya mahindi yamepangwa juu ya chaga hadi karibu na bati, na mimi nimeachiwa kijia cha kupita na nafasi ya kulaza mbavu.

"Shikamoo, mama. Ni nini hiki?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mahindi."

Alijibu kwa upole, kama vile nimemuuliza jambo lisiloulizwa. Akaendelea, "Kwani wewe ulidhani bei ile ni ya nini? Wapangaji wote waliopita wamelala nayo. Kituo cha serikali kikianza tu kununua mahindi, yanaondoka."

Nilikasirika. Nikamwambia mtoto wangu anakuja Jumamosi. Hapo akafikiri, kisha akasema, "Basi atalala kwangu. Mahindi yametiwa dawa, na mtoto halali na dawa. Wewe mtu mzima utavumilia."

Ningeweza kuhama. Nilizunguka hadi nikachoka, na kila chumba cha bei yangu kilikuwa na magunia yake. Nikarudi kwa magunia niliyoyazoea.

Mtoto akaja, akalala ng'ambo ya ua kwa mama mwenye nyumba. Mimi naondoka alfajiri, baridi ya kipupwe inanichoma masikio, narudi giza limeshaingia na yeye ameshalala. Nilikuwa nachungulia, naona kisogo chake kwenye blanketi, narudi kujikuna vumbi la mahindi. Nilimpata mchana mara moja kwa wiki, siku yangu ya mapumziko, na siku hiyo nayo nasinzia nikiwa namsuka.

Ningependa kusema mama yule alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Lakini alimpikia uji, alimpeleka darasa la awali, alimfundisha kutenganisha mbegu za maharage. Kila Jumamosi alimsindikiza madrasa, akamsubiri nje na rozari yake mkononi. Mama yangu akipiga simu ananiambia nimshukuru Mungu, mtoto ana bibi wawili. Namjibu alhamdulillahi, na nimechukia.

Kituo kilifunguliwa, foleni ikawa ndefu, kisha mama mwenye nyumba akasema anasubiri bei ipande. Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya ndipo lori lilipokuja kuyachukua magunia. Siku hiyo niliomba ruhusa kazini. Nilifagia, nikapiga deki mara mbili, nikaenda kwa fundi seremala kuchukua kitanda kidogo cha futi mbili na nusu. Nilikitandika kwa ustadi wangu wote, kona zimekunjwa kama za wageni wanaolipa. Kisha nikamwita mwanangu.

Alikaa kitandani, akaning'iniza miguu, akakitazama chumba chote.

"Mama, asubuhi ukiondoka nani ataniamsha?"

"Nitakuamsha mimi kabla sijatoka."

"Bado giza?"

"Giza kidogo tu."

"Halafu nikae na nani?"

Nikamwambia atavuka ua aende kwa bibi, atampa uji kama kawaida. Akafikiri. Hakuwa amenuna, wala hakuwa ananikataa. Alikuwa anapanga mambo yake vizuri, kama mtu mwenye akili.

"Sasa si bora nilale kulekule?"

Miezi yote ile niliyalaumu magunia, niliyatukana kimoyomoyo kila nilipojipenyeza kwenda kulala, na niliamini kabisa kwamba yakitoka tu nitakuwa na mtoto wangu. Yametoka. Kazi yangu inaanza palepale na kuisha palepale. Nilijisikia nimechoka kuliko siku zote nilizofua mashuka.

Nikalikunja blanketi lake, nikamshika mkono, tukavuka ua. Mama mwenye nyumba alifungua, akatutazama wote wawili, akasogea kutupisha. Mwanangu akaingia kwa mbio, akapanda kitandani upande wa ukutani, mahali pake.

"Mama, usiku mwema," akasema. "Karibu tena."