Hundi Yangu na Hendeli ya Mzee Haruna

Nilitoka Laela kwa sababu ya unga. Mashine ya kijiji ilikuwa imekufa tangu masika, na sisi akina mama tulikuwa tunabeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha tatu, tukifika tunakuta foleni. Zilikuwa zama za ruksa, mtu binafsi anaweza kununua mashine yake akasaga. Nikasikia Mzee Haruna wa Kasanga anauza ya kwake arudi kwenye biashara ya samaki. Nikasema, mafao ya marehemu mume wangu, Baba Neema, yataingia humo. Fedha nyingine sikuwa nayo. Ikipotea hiyo, mimi na wanangu basi tena.

Sumbawanga nilifikia kwa dada yangu Skola. Alipoona nawaza namna ya kuibeba fedha akaniambia, "Si uishone kwenye sketi?" Thubutu! Jirani yangu alishona za kwake kwenye pindo la koti, koti likabaki kwenye basi. Nikaenda benki nilikokuwa nimeiweka, nikaomba hundi ya benki iandikwe jina la Mzee Haruna. Karani alinieleza kwa upole, namshukuru mpaka leo: mwizi akiichukua haimsaidii kitu, ni mzee mwenyewe aje na kitambulisho chake hapo hapo Sumbawanga. Nikaiweka katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisani.

Siku ya pili nikapata lori. Matai tulipita nimejifunika khanga mbili kwa baridi, lakini kadiri tulivyoteremka kuelekea ziwani nilivua moja moja, na Kasanga nilifika natokwa jasho la kutosha kufulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Kwanza ule."

Mkewe, Mama Mwajuma, akanipakulia ugali na migebuka, samaki wa ziwa lao, na neno la biashara halikuzungumzwa mpaka asubuhi. Asubuhi mzee akashika hendeli, akaizungusha mara mbili, injini ikaitika. Debe langu la mahindi likatoka unga laini, mweupe. Moyo wangu ukatulia. Nikatoa hundi.

Akaigeuza huku na huku. "Mwanangu, hii karatasi."

"Ni fedha mzee, ila iko benki Sumbawanga."

"Na mashine iko hapa. Ijumaa anakuja mtu wa ng'ambo ya ziwa na taslimu."

Nikaona bora niseme ukweli: ni fedha ya marehemu mume wangu, na naogopa kuibeba njiani. Akanitazama, halafu akaita, "Mama Mwajuma, nitolee lile koti. Napanda Ufipa, benki Sumbawanga."

Nusura nipige magoti. Tulipopakia mashine kwenye lori nilikagua injini, kinu, mkanda, hadi nati, maana mimi sitaki mchezo. Mzee akapanda na kikapu cha dagaa, akakipakata njia nzima. Kila aliyetaka kumpokea alimkatalia.

Kufika juu, ukungu ukatumeza, mzee akaanza kutetemeka. "Nyie watu mnaishije huku?" Nikamfunika blanketi langu. Kwa Skola akapewa uji wa moto, bakuli tatu.

Benki wakasema hundi ni halali, ila taslimu ya kiasi kile siku hiyo haitoshi, turudi kesho kutwa. Aibu niliyoiona! Mzee wa watu nimemtoa kwake, mashine yake imeshushwa uani kwa dada yangu, na mkononi hana kitu. Tulipokuwa tumekaa kibarazani, akaingiza mkono chini ya dagaa akatoa chuma. Hendeli!

"Mwanangu, nilikuwa nakuogopa kama ulivyokuwa unaniogopa. Bila hii ungesaga kwa meno. Lakini mtu aliyenikinga na baridi nimfiche nini tena? Chukua, nenda kasagie watu. Mimi nitasubiri."

Mimi niliyekagua mpaka nati, hendeli sikuikumbuka! Nilicheka hadi nikalia, na kulia kwenyewe hakukuwa kwa kicheko tu. Nikamrudishia. "Kaa nayo mzee. Siendi popote mpaka ulipwe."

Kesho kutwa yake akalipwa yote. Stendi, kabla sijapanda gari la Laela na mzigo wangu, akanikabidhi hendeli kwa mikono miwili, inanuka dagaa. Nikampa blanketi abaki nalo.

Mtu akiniuliza alipeje kitu kikubwa, namwambia hundi ya benki, wala sijutii. Ililinda fedha ya wanangu vizuri sana. Ila Mzee Haruna ilimwacha bila kinga, na hilo sikuliwaza nilipokuwa dirishani benki nikijisifu kwa akili zangu. Sasa kila asubuhi nikiwasha mashine namwombea afya. Hendeli hii nilipewa mara mbili, na mara ya kwanza hakuwa amepokea hata senti.