Matobolwa ya Mwalimu

Juzi sokoni Geita nilimwona mwalimu wangu wa darasa la nne akichagua matobolwa kwenye sinia la mama mmoja, na nusura nigeuze njia. Mtu mzima mimi, mwenye watoto, jasho likanitoka.

Ngoja nikusimulie. Mwalimu yule alikuja kijijini kwetu Samuye akitokea Tanga. Siku moja alituagiza tuandike jina la chakula kitamu pamoja na maana yake. Nikamwendea bibi, aliyekuwa akianika viazi juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Akaacha kazi, akaketi kabisa.

"Andika, ng'wanawane. Matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vya kutafuna taratibu. Ukiwa nayo, chai haidai sukari."

Niliandika yote. Kesho yake darasani nikachungulia wenzangu: keki, chokoleti. Nikaona aibu, nikachana ukurasa. Nikaandika keki, kitu ambacho sijawahi kukitia mdomoni, nikapata vema.

Jioni bibi akauliza mwalimu kasemaje. Nikamwambia kayasifu mno, anatamani kuyaonja. Basi nikawa nimejitakia. Tangu hapo kila Jumatatu alinifungia kwenye kitambaa yale mazuri kuliko yote, yenye kunata kidogo, na mimi niliyamaliza njiani kabla kengele haijalia. Hata mwaka ule mvua ilipogoma, bibi akawa anakunywa chai kavu, fungu la mwalimu halikukosekana.

"Kasemaje leo?"

"Kashukuru, bibi."

Pale sokoni nilimwamkia shikamoo, nikajikaza, nikaungama. Mwalimu akacheka hadi akashika kiuno.

"Mbona bibi yako alikuja shuleni muhula uleule! Akaniuliza kama ni matamu, nikamwambia sijayaona. Nilitaka nikuchape, akanizuia. Akasema, 'Mwache, mwalimu. Kumbe anayapenda.'"

Nilinunua fungu, nikashindwa kulila. Bibi tulishamzika, na ule mwamba wake umepasuliwa kokoto. Najilaumu kwa uongo, ndiyo, na kwa chai ile kavu. Lakini kinachonichoma zaidi ni zile Jumatatu zote alizoniuliza huku anajua. Alikuwa akingoja niseme ni matamu, na sikuwahi kumwambia.