Vikapu Saba vya Kubonyeza

Ningeweka maneno "bonyeza hapa" chini ya kila picha, kazi ingeisha Jumanne. Mama mdogo ndiye aliyekataa. Yeye na wenzake sita wa kijiji cha Ihanja walisuka vikapu, na mwandaaji wa maonyesho huko Dar es Salaam alikuwa ameahidi kutazama ukurasa wao wa intaneti Ijumaa mchana, achague msusi mmoja wa kwenda kuonyesha kazi yake.

"Sokoni mteja haanzi kwa kuuliza," alisema. "Anashika kikapu, ndipo anauliza nani kasuka. Na huko kwenu kwenye intaneti iwe hivyo hivyo. Akigusa kikapu, amwone mwenyewe."

Mimi, ambaye kompyuta sikufundishwa na mtu, nikajibu, "Hilo dogo, mama." Sikujua hata pa kuanzia.

Ukurasa ule uliandikwa kwa maandishi matupu yenye alama. Picha ina alama ya mshangao na mabano yake. Kiungo, yaani njia ya kwenda ukurasa mwingine, nacho kina mabano yake. Siku tatu nilikaa kwenye kafe ya intaneti mjini Singida nikiyahamisha mabano hayo. Mara picha ipo lakini haibonyezeki. Mara kiungo kipo, picha imetoweka. Mara mabano yenyewe yanajipanga kwenye kioo kama yananicheka. Na kila nilipokosea nilifuta yote, hata yaliyokuwa sawa, maana siwezi kuvumilia kiraka.

"Fundi, bado unafunga na kufungua?" dada wa kafe alinitania. "Hayo mabano yangekuwa vifungo, shati lingeshachanika."

Ijumaa asubuhi nikaelewa: picha, pamoja na mabano yake yote, inaingia ndani ya mabano ya kiungo. Basi! Siku tatu kwa hilo! Nikabonyeza kikapu cha mama mdogo, ukurasa wake wenye sura yake ukafunguka. Nikanakili mstari ule mara sita, nikabadilisha majina ya picha, kisha saa nzima nikahangaika kusawazisha nafasi kati ya picha na picha. Vikapu vingine sikuvibonyeza.

Alasiri mama mdogo akaingia kafe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa maonyesho wamepiga simu. Wamenichagua mimi." Hakuwa akicheka. "Wanasema vikapu vyote saba ni vyangu. Nani kawaambia?"

Nikabonyeza cha pili. Ukafunguka ukurasa wa mama mdogo. Cha tatu, yeye. Cha saba, yeye. Picha nilibadilisha, njia sikuigusa.

"Wenzangu watasema nimewaibia mikono," alisema.

"Narekebisha, mama, dakika tano tu..."

"Rekebisha. Kisha upige simu, useme wewe, siyo mimi."

Nilirekebisha, nikapiga. Nilikuwa na majibu marefu kuhusu mabano, lakini nilichoweza kusema ni kwamba nilikosea. Mwandaaji akaguna, akasema atatazama upya, na kwamba hamwahidi mtu.

Nilipomweleza mama mdogo, alivuta kiti. "Haya, bonyeza vyote. Kimoja kimoja, nikiona."

Nikabonyeza. Cha nne, chenye milia myeusi, kikamfungua jirani yake, mmoja wa wale sita, ametazama chini kwa aibu ya kamera. Mama mdogo akasogea karibu na kioo.

"Huyu," alisema, "kwa kweli ananishinda."