Kizibo Kwenye Juisi ya Mzee

Wajukuu zangu wa mtandaoni, nimeona mengi, lakini kipande cha injini kuogelea kwenye juisi ya mume wangu? Hapo nilishika kiuno.

Sikilizeni.

Mkamwana wangu ni fundi magari. Mzee wangu alimkubali kama mke wa mwanawe. Kama fundi? Thubutu!

Injini ya gari lake ilipochoka, hakuwa na pa kukimbilia.

"Haya, fungua. Ila oili ikivuja hata tone, gari langu hutaligusa tena."

"Sawa, baba."

Akatoa krenkshafti, lile chuma lililopindapinda linalozungushwa na pistoni. Ndani lina njia za oili, na kila njia imezibwa kwa kizibo kidogo cha chuma. Akaving'oa vya zamani ili asafishe. Alipofika cha mwisho, mzee akaruka.

"Hicho acha! Nilikigonga mimi, kwa mkono wangu huu. Kitatuzika sote!"

Akakiacha. Baba mkwe utambishia nini?

Vizibo vipya, pamoja na kimoja cha akiba, akavilaza kwenye bakuli langu la barafu, ndani ya friza.

"Chuma kikipoa kinanywea, mama. Kikishaingia tunduni kikapata joto, kinatanuka, kinabana wee!"

Kumbe friza yangu nayo fundi!

Akalipasha moto krenkshafti, akavigonga kimoja kimoja. Ko! Ko! Ndani.

Likabaki jaribio. Akaziba matundu mengine kwa mpira, akapaka povu la sabuni juu ya vizibo, akasukuma upepo wa kompresa. Palipo na uvujaji, povu linafura.

Mzee akatokea na juisi yake imejaa barafu, utadhani bwana harusi.

Tukalikodolea macho povu.

Puuu! Povu likafura.

"Linavuja!" Mzee akarukaruka. "Si nilisema? Toka kwenye gari langu!"

Mkamwana akainama, akapangusa.

"Baba, hebu njoo uone."

Vipya vyote kimya. Kinachopumua ni kile cha "mkono wangu huu".

Nilijaribu kujizuia. Wapi! Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka.

Mzee akainua glasi, anywe afiche aibu.

Kling! Meno yakagonga chuma.

"Mke wangu, barafu gani hii?"

Kizibo cha akiba! Kachota barafu bila miwani, kakizoa nacho.

Mkamwana, huku machozi ya kicheko yanamtoka, akakiosha, akakikausha, akakirudisha friza. Kilipopoa sawasawa, akang'oa kile cha mzee na kumkabidhi nyundo.

"Gonga wewe, baba. Mimi nitapima."

Mzee akaipokea. Akagonga. Sabuni, upepo... povu tuli kama maziwa.

"Fundi," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. "Lirudishe kwenye injini."

Basi wajukuu zangu, kabla hujaisifu kazi ya mkono wako, ipake sabuni kwanza.

Na ukija kwangu kuchota barafu, vaa miwani.