Hisa za Kaka Yangu Osborn

Kaka yangu Osborn Wandera si mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi. Mjinga ungemhurumia. Osborn anabadilisha pesa hapa mpakani Busia, upande wa Uganda, tangu aache shule, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mkoba kiunoni, na hakuna dereva wala mchuuzi aliyewahi kumpunja. Shilingi ya Kenya ikianguka, wenzake wanahaha. Yeye anazikalia zake, anatafuna muwa. "Itarudi," anasema. Na kweli hurudi, maana Krismasi ikikaribia watu wa ng'ambo huvuka kutafuta mahindi na kuku, na wetu huvuka kutafuta sabuni na mafuta.

Sasa huyohuyo akaingia kwenye hisa. Kampuni yenyewe ilikuwa ya intaneti isiyo na waya, Mawimbi Telekom, hisa zake zinauzwa soko la Nairobi, na unanunua kwa simu tu. Wabadilisha pesa wote pale kibarazani wakapagawa. Asubuhi hawakuulizana tena hali za watoto, waliulizana bei.

"Itafika mia," Okanya, jirani yake wa kiti, anasema.

"Mia ya nini, bwana? Wakisimamisha minara Uganda nzima, itapita mia mbili!" mwingine anadakia.

Hakuna hata mmoja wao aliyejua kama kampuni inapata faida au inakula hasara. Jamani, watu wazima wenye ndevu!

Bei ikaanza kushuka. Okanya akauza zake kimyakimya, akameza hasara. Osborn? Yeye aliona bei ya chini ni bahati. Akamwendea mama kule Masaba, kwenye shamba alilotuachia baba, na baba mwenyewe amelala palepale nyuma ya nyumba.

"Mama, weka kidole hapa tuliuze shamba, niongeze hisa. Bei ikirudi nalikomboa kabla ya mavuno."

Mama akaweka kidole. Ni mwanawe wa kwanza, angemkatalia vipi?

Nilitoka sokoni na harufu yangu ya samaki, nikamkabili mbele ya wateja wake. "Umeuza kaburi la baba?"

"Metrine, wewe uza omena yako. Kitu ikishuka inarudi. Mimi naona hii kila siku."

"Shilingi inarudi kwa sababu watu lazima wale, Osborn! Hiyo kampuni yako ikifa, nani atalala njaa?"

Akacheka, eti nikamuulize mume wangu anieleweshe. Hakuambilika, hakusemezeka. Nilitamani nimpige na kile kiti.

Bei haikurudi. Ilishuka mpaka soko likasimamisha hisa zile, na kampuni ikakabidhiwa mfilisi. Osborn akaendelea kufungua simu kila asubuhi. "Wamesimamisha tu," anasema. Mama, ambaye mnunuzi alimwachia nyumba aendelee kuishi, hakumlaumu hata siku moja. Mimi namlaumu mpaka leo, na sitaacha.

Mama alifariki msimu wa kupalilia. Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayewaonyesha wachimbaji pa kuchimba kaburi. Hawagusi udongo kabla yeye hajasema. Tulikwenda kumwomba Elungat, wakala wa forodha wa Malaba aliyenunua lile shamba, na haki ya Mungu, hakuwa mtu mbaya. Alisema mama yetu alale pale, na hakutaka hata senti.

Asubuhi ya maziko wachimbaji wakaja na majembe, wakamgeukia Osborn kama ilivyo desturi. Osborn akanyoosha mkono kuelekea kaburi la baba.

"Pale hapana, ndugu yangu," Elungat akasema kwa upole. "Moja linatosha. Nataka kujenga."

Akatangulia yeye hadi pembeni kabisa, kando ya uzio, akagusa chini kwa ncha ya kiatu. "Chimbeni hapa," akawaambia.

Wakachimba hapo, na kaka yangu akaenda akasimama nyuma, pamoja na majirani waliokuja kutupa pole.